Maji ya Kwanza Humwagwa

Nilikabidhi funguo za maabara mwezi uliopita. Walininunulia keki, wakanipa kitenge na saa ya ukutani, kana kwamba mtu aliyestaafu ndiye mwenye shida ya kujua ni saa ngapi. Dada aliyepokea meza yangu akaniomba niandike uzoefu wangu, ili wanaokuja nyuma wasome. Nikamuuliza, uzoefu upi? Akasema, wowote tu, mama. Haya, huu hapa. Vyeo na mishahara sitavigusa. Nitaandika habari za mkojo, mboga za majani, na nyumba moja ya kule Ngana. Anayekula sasa hivi amalize kwanza.

Siku ya kwanza kazini nilifika mapema na viatu vipya vinavyobana. Kituo chetu cha afya kipo njia ya Ipyana, na maabara wakati ule ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha moja linalotazama mashariki. Umeme haukuwepo. Darubini ilikuwa ile ya kioo: unakizungusha kioo hadi kishike jua, ndipo unaona. Mvua ikinyesha, na Kyela mvua inajua kunyesha, kazi inasimama na wagonjwa wanakaa barazani wakikutazama kama wewe ndiye uliyeleta mawingu.

Niliyemkuta pale ni Mzee Ambakisye. Hakuwa na diploma. Alianza kwa kuosha vioo, akaishia kuwafundisha wenye vyeti. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akafungua droo, akatoa kipande cha gimbi bichi.

"Lamba," akasema.

Mimi ni mtoto wa Kyela, najua fika gimbi bichi halilambwi. Lakini ni siku ya kwanza, na mkubwa amesema. Nikalamba. Ulimi ukawaka, midomo ikawasha, koo likakaza hadi machozi yakanitoka. Yeye hakucheka hata kidogo. Alikuna lile gimbi kwa wembe, akaweka utelezi wake kwenye kioo na tone la maji, akaisogeza darubini upande wangu.

Niliona sindano. Zilikuwa nyingi mno, angavu, nyembamba, zimefungwa mafungumafungu, kila moja imechongoka ncha zote mbili. Nilipokuwa natazama, fungu moja likafunguka upande mmoja, na sindano zikaanza kufyatuka, moja baada ya nyingine, zikienda kwenye maji. Gimbi lenyewe limekatwa tangu jana, limekufa, na bado linachoma. Nikainua kichwa.

"Hakuna aliyezichonga," akasema Mzee Ambakisye. "Mmea unazitengeneza wenyewe, huko chini kwenye tope, gizani. Unatungoja."

Halafu akanieleza, na nawaeleza nanyi kwa sababu siku hizi mnapita haraka juu ya haya. Ndani ya majani na mizizi mingi tunayokula mna asidi inaitwa oksaliki. Imo kwenye gimbi, mchicha, matembele, spinachi, imo hata kwenye chai na kwenye kakao yetu tunayoianika barabarani. Asidi hiyo inapenda madini ya chokaa, yale yaliyomo kwenye maziwa na mifupa ya samaki. Zikikutana, zinaganda kuwa chembe ngumu za kioo. Zikikutana tumboni, chembe zinatoka na choo na hakuna neno. Zisipokutana tumboni, asidi inaingia kwenye damu, inatafuta njia ya kutokea, na njia yake ni figo. Huko inaikuta chokaa ya mwili, na chembe zinaganda hukohuko ndani ya figo.

Akaniuliza, "Bibi yako alikuwa anapikaje majani?"

Nikamwambia: anachemsha kwa maji mengi, maji ya kwanza anamwaga kwenye shina la mgomba, halafu anaunga kwa maziwa au anachanganya na usipa, wale dagaa wetu wa ziwani wanaoliwa na mifupa yao.

"Nani alimfundisha?"

"Mama yake."

"Na mama yake alijuaje?"

Mzee akafuta wembe kwa pamba. "Waliokuwa hawamwagi hawakubaki kutusimulia," akasema, akaita mgonjwa wa kwanza.

Alikuwa na sheria mbili mezani pake. Ya kwanza, mkojo usikae. Ili niielewe, asubuhi moja alinionyesha mkojo safi wa mtu mzima, hauna kitu. Akaiacha chupa dirishani, akaiziba kwa karatasi. Saa saba mchana tukachukua tone kutoka chupa ileile. Zilikuwemo bahasha: vijipande vya kioo vya mraba vyenye mstari wa msalaba katikati, hasa kama bahasha ndogo za barua zilizobandikwa gundi. Chumba hakikuingia mtu. "Asubuhi hazikuwemo," akasema mzee. "Nani ameziweka?" Nakiri kwamba niligeuka kutazama mlango. Kumbe ni oksaleti, zile chembe za oksaliki na chokaa; mkojo ukipoa na kukaa, zinajiotea zenyewe. Kwa hiyo, ukiona bahasha kwenye chupa iliyokaa, usiziamini haraka. Na mimi nikaishika sheria hiyo vizuri mno, kama mtakavyoona.

Sheria ya pili ilikuwa fupi zaidi: maabara inasoma, haitibu. "Jicho letu halina mdomo," alikuwa akisema. Ukishaona, andika ulichoona, mpe mganga wa kituo. Ukianza kutoa dawa mezani kwako, siku moja utakutana nayo njiani.

Mzee Ambakisye alipostaafu alihamia ufukweni kwa ukoo wa mkewe, Wakisi wanaofinyanga vyungu, akafia huko baada ya misimu michache ya mpunga. Niliachwa peke yangu na darubini yake ndani ya sanduku lake la mbao. Umeme ukaja, darubini mpya ya taa ikaja, ile ya kioo nikaihifadhi juu ya kabati. Na koti jeupe likaanza kunipotosha. Kwetu ukivaa koti jeupe wewe ni daktari. Unawaambia watu, mimi si daktari, ni wa maabara. Wanakujibu, "Sawa, daktari." Ukiambiwa hivyo mwaka mzima, siku moja unaitika.

Msimu wa masika mashamba ya mpunga yanajaa maji, mbu wanajaa, malaria inajaa, na damu za watu zinashuka. Ukitoboa kidole cha mama mjamzito unapata damu nyepesi kama maji ya mchele. Unaandika, anaenda dirisha la dawa, anarudi kwako: vidonge vya kuongeza damu vimeisha. Anakaa kwenye benchi, anakutazama. Mimi nina hasira za karibu, nikiudhika lazima nifanye kitu. Nikaanza kuwaambia kile ambacho kila mtu Tanzania hii anakijua: kunywa maji ya majani. Mwanzoni nilisema kwa mdomo. Wakawa wanasahau, wanarudi kuuliza. Nikaanza kuandika nyuma ya karatasi za majibu.

Mwandiko wangu ni mzuri. Nausifu mwenyewe kwa sababu ndiyo kesi yenyewe. Niliandika hivi: *Chemsha mchicha, matembele na majani ya magimbi. Usimwage maji, damu imo humo. Kikombe asubuhi, kikombe jioni. Yakolee.* Neno la mwisho nilikuwa nalipigia mstari. Sikuandika ni kwa siku ngapi.

Mnaona nilichokifanya. Nililijua gimbi, nilizijua sindano, nililamba kwa ulimi wangu mwenyewe. Lakini hayo nilikuwa nimeyaweka kwenye droo ya maabara, na ushauri niliutoa kwenye droo ya jikoni, na droo hizo mbili sikuwahi kuzifungua siku moja. Isitoshe, watu walikuwa wanapona. Malaria ikiisha damu inapanda yenyewe, lakini wao walinishukuru mimi. "Ndaga fijo, daktari." Nami nikapokea.

Bibi Atuganile aliletwa kutoka Ngana na mkwewe, Tumpe, mke wa mwanawe wa pili. Tumpe alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, kwao ni hapahapa Ipyana, mwenye tabia ya kurudia kila unachomwambia kwa sauti ya chini ili asikose. Bibi alikuwa na damu kidogo na miguu imevimba. Nikampa Tumpe karatasi. Akaisoma yote, akafika mwisho, akarudia, "Yakolee." Akaikunja na kuifunga kwenye pindo la kitenge.

Miezi ikapita. Bibi alizidiwa, hawezi safari, barabara imekatwa na maji. Wakatuma chupa ya mkojo kwa bodaboda. Nikaiweka kwenye darubini. Bahasha. Zilijaa hadi sikuona nafasi katikati yake. Nikajiambia, chupa imetoka Ngana, imekaa juani, imepigwa na mashimo, zimejiotea njiani. Nikaandika: *hakuna cha maana.* Bibi Atuganile alifariki baada ya siku chache. Aliyeleta habari ya msiba alisema kitu kimoja ambacho hakikunikaa vizuri: alikufa na kwikwi. Kwikwi siku nne, mchana kutwa, hata akilala.

Mwaka haukuisha, akafuata mwanawe wa kwanza, Gwamaka. Mtu wa shamba, mwenye mabega. Chupa ikaja kwa bodaboda, bahasha zikawa zilezile, na mimi nikaandika maneno yaleyale. Naye alikufa na kwikwi. Majirani walisema ilisikika hadi ng'ambo ya jaruba la mpunga, na kwamba usiku wa matanga, mwili ukiwa umeshazikwa, waliisikia tena ndani ya nyumba. Sikuamini. Lakini nilianza kuwasikia wagonjwa barazani wakiiita ile nyumba *nyumba ya kwikwi*. Wanawake wa Ngana waliacha kupita njia ya pale wakienda mtoni Songwe. Na lisemwalo lipo: wakaanza kumtaja Tumpe. Kwani nani anapika pale? Nani mgeni pale?

Kisha akaja Ambwene, mume wa Tumpe. Alikuja mwenyewe, kwa miguu yake, Ijumaa saa nne asubuhi. Alikaa kwenye benchi mbele ya meza yangu. Uso umevimba kidogo, pumzi yake ina harufu ya mkojo. Akafungua mdomo kunisalimia, na badala ya salamu ikatoka kwikwi.

Nilimpa chupa, akaenda, akarudi nayo. Ilikuwa ya moto bado mkononi mwangu. Haikupanda bodaboda, haikukaa juani, haikupoa. Niliweka tone nikainama. Bahasha zilikuwepo, zimejaa kama za mama yake na za kaka yake. Hizi hazikujiotea njiani. Zimetoka ndani ya mtu huyu aliye hai, aliye mbele yangu. Kila alipopiga kwikwi meza ilitikisika kidogo, na bahasha zote zikatikisika pamoja. Nilipata baridi mgongoni, Kyela, saa nne, jua kali.

"Daktari," akasema Ambwene, "mimi nijali baadaye. Nisaidie mke wangu. Ukoo unakaa kesho kwangu, ameita baba mkubwa. Wanasema anatulisha kitu. Wanataka kumrudisha kwao, na watoto wabaki."

"Anakulisha nini?"

"Chakula tu. Chakula na dawa ya damu. Ileile ya mama. Tangu mama afe tumekuwa tunakunywa sisi wanawe, maana tumeona ugonjwa wa damu upo kwenye ukoo."

Sikuuliza dawa gani. Nawaapia, nadhani nilishajua, ndiyo maana sikuuliza. Nilimpeleka kwa mganga wetu mfawidhi, nikamwonyesha nilichokiona, na mchana ule Ambwene akapandishwa gari kwenda hospitali kubwa ya Mbeya. Jumamosi nilishusha sanduku la Mzee Ambakisye juu ya kabati, nikalipakata kwenye bodaboda, nikaenda Ngana.

Kikao kilikuwa uani, chini ya bati la kuanikia kakao. Wanaume wa ukoo saba au wanane, na katikati yao baba mkubwa, kaka wa marehemu mume wa Bibi Atuganile. Hakuna aliyekunywa maji ya nyumba ile. Kila mmoja alikuja na chupa yake ya kununua, ameishika mkononi. Niliwaamkia, "Mugonile," wakaitikia, nikaomba kuona jikoni. Baba mkubwa akasema, "Nenda, daktari. Wewe tunakuamini."

Tumpe alikuwa amekaa jikoni peke yake, mikono mapajani. Hakuwa amepika. Kwenye mafiga palikuwa na chungu cha Kikisi, kizuri, cheusi, cha dawa peke yake, hakikupikiwa kitu kingine. Nilikiinamisha mlangoni nione ndani. Kulikuwa na pete nyeupe. Ilizunguka ukuta wa chungu pale maji yanapoishia, na chini yake nyingine, na chini yake nyingine, hadi kitakoni, kila siku imeacha alama yake. Nilikwangua kwa ukucha. Ilikuwa ngumu, inakwaruza.

Niliweka darubini juu ya kinu kilichogeuzwa, nikazungusha kioo kikashika jua la uani. Nilitazama ule unga. Tayari nilikuwa nimeinama kwa namna ya mtu anayejua atakachokiona. Chembe za kioo, nyingi, angavu. Chungu nacho kilikuwa kinaota kile kilichoota kwenye figo za wale watu watatu, taratibu, asubuhi na jioni.

"Tumpe," nikasema, "nani alikwambia usimwage maji?"

Alisimama, akaenda ukutani, pale palipobandikwa kalenda ya kanisa. Chini ya kalenda palikuwa na karatasi ndani ya mfuko wa nailoni, imepigiliwa misumari minne, kwa heshima. Akaing'oa msumari mmoja mmoja, akaniletea. Niliuona mwandiko kabla sijaona maneno. Nilijua kuna mtu alikuwa ameingia kwenye nyumba ile na kukaa miaka, akiwanywesha asubuhi na jioni, na mtu huyo ni mimi.

"Nilifuata yote," akasema Tumpe. "Niliona hayakolei, nikaongeza majani."

Nilirudi uani. Niliwaeleza wale wazee: hakuna uchawi, hakuna sumu ya mtu. Ni maji ya majani yaliyochemshwa bila kumwagwa, yakanywewa muda mrefu hadi yakaziba figo; na figo zikishindwa, kwikwi hufuata. Niliwaonyesha ile pete, mmoja mmoja akainama kwenye darubini. Wakaguna. Baba mkubwa akauliza swali ambalo mtu yeyote mwenye akili angeuliza.

"Nani aliwafundisha hivyo?"

Tumpe alikuwa amesimama mlangoni pa jikoni. Karatasi alikuwa nayo mkononi, maana nilimrudishia, sikujua nifanye nayo nini. Alinitazama mimi, hakuwatazama wao. Nilikuwa na nafasi ya kutosha. Ningeweza kuhesabu hadi kumi.

"Watu huambiana tu," nikasema.

Tumpe akaikunja karatasi, akaifunga kwenye pindo la kitenge, kama siku ile ya kwanza.

Hakurudishwa kwao. Kwa hilo nilijipongeza muda mrefu. Ambwene alipona, si sana: figo zilirudi nusu, kazi ngumu hawezi hadi leo. Nami niliacha kuandika. Kila aliyekuja na damu ndogo nilimwambia habari ya kumwaga maji ya kwanza, kula majani na usipa, na kumwona mganga. Karatasi nilizokwisha kuzitoa nilijiambia zimeoza. Kyela mvua haibakizi karatasi. Sikwenda kutazama. Habari za Tumpe nilizisikia barazani: eti kweli si mchawi, lakini si ndiye aliyepika? Eti ana tabia ya ajabu, kila msiba yupo, hata kwa watu asiowajua, na akiingia hatazami jeneza, anatazama kuta. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Niliusikia mzigo wake ukisimuliwa miaka yote hiyo, nikaendelea kuosha vioo.

Wiki ya pili ya kustaafu nilienda Ngana. Sikuwa na koti jeupe. Baba mkubwa bado yupo, macho yameingia ukungu, anaishi sasa kwa Ambwene na anahudumiwa na Tumpe. Nilikaa mbele yake, Ambwene akiwepo, Tumpe akichambua mchicha. Nilisema moja kwa moja, maana ningezunguka ningerudi nyumbani nalo. Nikasema karatasi ilikuwa yangu. Nikasema maneno yaliyokuwemo, neno kwa neno, nayakumbuka. Nikasema Tumpe alifanya nilichomwagiza, na siku ile walipouliza nilificha.

Mzee aligeukia upande aliko Tumpe na mchicha wake. Kisha akasema, "Huyu binti ananipikia kila siku. Na mimi kila siku, kabla ya tonge la kwanza, naomba moyoni nisife. Miaka yote hiyo." Akanyoosha mkono hewani akimtafuta. Tumpe akausogelea, akaushika. Alilia mzee yule, na mimi nililia. Tumpe hakulia. Ambwene alitoka nje.

Nilimwomba Tumpe msamaha. Akasema, "Nilijua utakuja siku moja. Nimekuwekea." Akainjika mchicha motoni, akaingia chumbani, akatoka na kopo la maziwa ya unga, akaliweka magotini pangu.

Lilikuwa limejaa karatasi zangu.

"Nilianza baada ya ile Jumamosi," akasema. "Ukinyamaza wewe, na mimi nikanyamaza, zingebaki ukutani kwa watu. Nikawa naenda misibani. Nikiiona, naiomba. Nawafundisha kumwaga. Wengine walinifukuza."

Zilikuwa zimefungwa kwa kamba ya mgomba, mafungu mawili, moja nene, moja jembamba.

"Hili nene ni la nyumba nilizowahi kabla ya kwikwi," akasema.

"Na hili?"

Mchicha wake ulikuwa umechemka. Aliipua sufuria, akatoka nayo nyuma, na nikasikia maji ya kwanza yakimwagika kwenye shina la mgomba. Nilifungua lile fungu jembamba. Karatasi zilikuwa safi, zimetunzwa, hakuna hata moja iliyoliwa na mvua. Mwandiko ni mzuri, na chini ya kila moja neno la mwisho limepigiwa mstari.